Matawi ya Mchikichi Langoni

Kwa miaka mingi nilikuwa na lopango safi kuliko yote katika barabara yetu ya Kabondo, na nilihakikisha kwamba kila mtu anajua. Lopango, kwa msomaji wa mbali, ni kiwanja chako na nyumba yako na ukuta wako, yaani ufalme wako mdogo. Wangu ulifagiliwa kila asubuhi kabla sijanywa chai. Kazi hiyo sikumwachia mtu. Niliinama mwenyewe, mkono mmoja mgongoni, nikafagia nikirudi kinyumenyume ili nisikanyage mistari ya ufagio wangu. Nikimaliza, udongo mwekundu ulikuwa umenyooka mistari kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza, na kuku wa jirani akithubutu kupita juu yake siku yangu ilikuwa imeharibika.

Ndivyo tulivyolelewa. Penye nyasi pana nyoka. Mtu mwenye majani mbele ya mlango ama ni mvivu ama ana kilio, maana kwetu mtu akifa ufagio hulazwa chini mpaka matanga yaishe. Hilo nililijua tangu nikiwa mtoto, lakini kujua kitu hakumzuii mtu mzima kukisahau siku anapokihitaji.

Ofisini nilikuwa mkuu wa idara ndogo, ndiyo maana mtaa mzima uliniita Papa Chef. Nadhani walikuwa wakinicheka kidogo. Mimi nilidhani ni heshima.

Kisha nikamleta mama yangu. Alikuwa akiishi Yanonge, chini ya mto, peke yake katika nyumba yake karibu na gati, mpaka siku ile wavuvi walipomkuta amelala kando ya beseni lake la samaki, mdomo umepinda, hajui yuko wapi. Daktari wa huku mjini Kisangani, kijana mwenye miwani, alisema ni tension, yaani shinikizo la damu, akasema mama akae mahali anapoweza kupimwa kila wiki na kupata dawa bila kukosa. Yanonge mambo hayo ni ya kubahatisha. Nikashuka na boti nikamchukua. Alikubali kuja kwa sababu hakuweza kusimama. Alipoweza kusimama, akaacha kukubali.

Asubuhi ya kwanza aliyotoka nje alikaa kizingitini, miguu yake iliyovimba ameinyoosha juu ya kigoda, akautazama uwanja wangu uliotoka kufagiliwa. Nilisimama pembeni nikisubiri sifa.

"Papa," aliniambia, maana mama zetu huwaita watoto wao wa kiume hivyo, "batu ya hapa banaendaka wapi?"

"Watu gani, Mama?"

"Batu. Na ndeke. Mi nimekaa hapa tangu jua inatoka, sijaona hata ndeke moja."

Nikamwambia ndege wako wengi msituni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuliza bei ya samaki akajibiwa bei ya mbuzi. Nyumbani kwake Yanonge kulikuwa na mchikichi mkubwa uliojaa viota vya wafumaji, wale ndege wa njano na weusi wanaosuka nyumba zao zikaning'inia kama vikapu. Wanapiga kelele kutwa, wanachafua kila kitu, na hawakai msituni hata siku moja. Wanakaa penye watu.

"Ile ndeke inafuata batu," alisema. "Fasi haina ndeke, haina batu. Hapa mi nikikufa, nani atajua? Utanifagia asubuhi pamoja na majani."

Mke wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilicheka kwa meno tu. Kisha mama akatoa hukumu yake: mbinzo zikianza, yaani msimu wa viwavi wale tunaowala na pilipili, yeye atapanda boti arudi kwake. Kama ni kufa, afie penye kelele.

Niliogopa, na niseme wazi kwamba niliogopa sana. Mara ile ya kwanza wavuvi walimwona kwa sababu walipita asubuhi. Mara ya pili wangepita saa ngapi? Lakini sikujua namna ya kumwambia mama yangu, "Usiende, naogopa." Kwa hiyo nilifanya kile ninachokiweza. Nilichukua likizo yangu yote ofisini nikaanzisha mradi.

Lengo lilikuwa moja: wafumaji wahamie kwangu kabla ya mbinzo.

Nilianza na sanduku. Katika simu nilikuwa nimeona picha za bustani za nchi za baridi, ndege wanaishi katika visanduku vya mbao vyenye mlango wa duara. Nikamwagiza seremala, nikalipaka rangi ya kijani, nikalipigilia juu ya msafu, mti pekee niliokuwa nao. Siku ya tatu likapata mpangaji. Alikuwa mjusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa, akawa anakaa mlangoni akipiga pompe, kifua juu kifua chini, kama mwanajeshi anayejiandaa kwa gwaride. Kila nikipita chini yake alizidisha. Mama alitazama sanduku lile kwa muda mrefu.

"Ndeke anajishoneaka nyumba yake mwenyewe," alisema. "Sanduku iko ya maiti."

Nikahamia kwenye maji. Nilichukua beseni kubwa la mke wangu bila kumwuliza, nikalizika ardhini mpaka ukingoni, nikalijaza. Ndege hawakuja. Vyura walikuja. Sijui walitokea wapi, Kabondo hii yenye pikipiki na makanisa, lakini walikuja na ukoo wao wote. Mke wangu alikuwa anafulia katika sufuria huku akisema na Mungu kwa sauti, ili mimi nisikie.

Hatimaye nikafanya lile lililoniuma kuliko yote. Niliacha kufagia. Nilikuwa nimesoma kwamba ndege hufuata wadudu, na wadudu hufuata nyasi. Basi nikaulaza ufagio nyuma ya mlango, na siku za mwanzo mikono yangu haikujua pa kukaa. Niliamka alfajiri, nikafika mlangoni, nikarudi. Nilikunywa chai mapema mno. Jani la msafu lilianguka mbele yangu, nikalitazama, nalo likanitazama.

Lakini udongo wa Kisangani haujui kukaa bure. Mvua zilinyesha, na kabla sijazoea aibu, nyasi zilikuwa zimefika kifundo cha mguu, kisha goti. Vikaja vipepeo vidogo vya njano. Wakaja panzi. Akaja konokono mkubwa kama ngumi, ambaye mama alimkagua akasema anafaa na nyanya nyingi. Katika maua mekundu niliyoyaacha yajiotee karibu na choo wakaanza kuja chozi, ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, wanaong'aa kama shati la mwanamuziki. Nakiri nilianza kuyapenda mambo haya. Nilikaa kwenye kiti nikiwahesabu panzi, mimi niliyekuwa nikiwahesabu wafanyakazi wanaochelewa.

Wafumaji tu ndio hawakuja. Nikaona lazima kuna kinachowatisha, kwa hiyo nikaongeza masharti. Redio nikaizima, isisikike hata habari. Lango nikalitia kufuli, watoto wa mtaani wasiingie kuokota mpira. Mama, ambaye miguu ilikuwa imevimba tena, akabaki ndani au nyuma ya nyumba jikoni. Na kwa kuwa nilikuwa likizoni, sikuona haja ya kunyoa ndevu.

"Bamama ya kanisa banauliza kama uko mugonjwa," mke wangu aliniambia. "Nitabajibu nini?"

"Waambie nahifadhi viumbe."

"Mi nitasema uko mugonjwa," akasema, akafunga mfuko wake, akaenda zake kwenye mafungo ya akina mama wa kanisa ng'ambo ya mto. Kama angekuwepo siku zile mbili, nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Maana Ijumaa ile mfumaji alikuja. Dume, kifua cha njano, jicho jekundu. Alitua kwenye kamba ya nguo na utepe wa jani mdomoni, akatazama msafu wangu, akatazama huku na huku, akaondoka. Nilikimbia jikoni kumwambia mama kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Alikuwa anatafuta majani ya muchikichi," mama alisema bila kuacha kuparua samaki. "Anapasula, anashonea nyumba. Uko na muchikichi? Hauna. Anaenda kwa mwenye iko nayo."

Mchikichi huchukua miaka kukua, na mbinzo zilibakiza wiki chache. Lakini maji nilikwisha kuyavulia nguo. Nilimsimamisha kijana wa toleka, wale wabebaji wetu wa baiskeli, nikamwagiza aniletee mzigo wa matawi mabichi ya mchikichi kutoka kando ya mji. Alivua kofia. "Pole, Papa," alisema kwa sauti ya chini. Nikadhani ananihurumia kwa sababu mzigo ni mkubwa. Nikamwambia ni kazi ya lazima na kila mwanaume huifikia siku yake.

Matawi yalipofika niliyasimika mbele ya lango, kulia na kushoto, nikayainamisha yakakutana juu, maana napenda mambo yaliyolingana. Nilipanda juu ya kiti nikaangalia yangeonekanaje kutoka angani. Yalipendeza. Nilijitahidi kutazama kama ndege anavyotazama. Barabarani sikutoka nikatazama kama mtu.

Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa nimesimama katikati ya nyasi zangu, na lango nimeliacha wazi kwa mara ya kwanza tangu nilitie kufuli, ili mfumaji ayaone matawi pande zote. Jirani yetu wa kwanza akaingia. Alikuwa mama aliyeuza makemba, ndizi zetu za kupika, katika kona ya barabara, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita hata waliolala. Siku ile hakuwa na sauti. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni juu ya kingine. Alitazama nyasi, akatazama matawi, akatazama ndevu zangu, akanishika mikono yote miwili, machozi yakaanza kumtoka.

Na mimi nikaguswa. Nilifikiri: hatimaye, mtu mmoja Kabondo nzima anaelewa maana ya viumbe.

Nyuma yake wakaingia wanaume wawili wameshika kofia. Wakaingia akina mama na sufuria vichwani. Akaingia fundi wa baiskeli wa mtaa wetu, amebeba turubai begani na fito mkononi, na bila kuniuliza akaanza kulifunga kwenye msafu wangu. Mjusi akatoka sandukuni akakimbia. Vikaja viti vya plastiki. Ikaja kwaya ya akina mama wa kanisa, wale ambao hawakwenda mafungo, wakapanga mistari juu ya panzi wangu, wakaanza wimbo wa polepole.

Hapo ndipo nilipotazama lango langu kwa macho ya mtu.

Kwetu, matawi ya mchikichi mbele ya nyumba ni tangazo. Huhitaji kuandika wala kupiga simu. Kila apitaye anajua: humu mna kilio. Na mimi nilikuwa nimeyasimika kwa kulinganisha, mbele ya uwanja usiofagiliwa, katika nyumba isiyo na redio, ndevu zikiwa zimenifika kifuani karibu, na mama mgonjwa ambaye hakuna aliyemwona siku nyingi. Hata ningetaka kumtangaza amekufa, nisingeweza kufanya vizuri zaidi.

"Ndugu zangu," nikaanza, "mama yangu..."

Kiongozi wa kwaya, mama mwenye mikono mizito, alinikumbatia kichwa akakibana kifuani kwake.

"Hapana ongea, Papa Chef. Lia tu."

"Lakini mama..."

"Tunajua. Lia, Papa, lia. Utaongea kesho."

Nilipojaribu mara ya tatu walinikalisha kitini na kuniletea maji. Fundi alinipiga bega akasema nisijilaumu, nilifanya yote niliyoweza. Mtu ambaye miaka yote alikuwa akitoa amri ofisini hakuweza kupata nafasi ya sentensi moja nyumbani kwake.

Basi mama yangu akasikia kilio. Alikuwa nyuma, jikoni, na yeye ni mwanamke aliyelelewa vizuri: kilio kikipigwa, unakwenda, utauliza baadaye. Akajifunga kitenge, akazunguka nyumba akichechemea, akapita katikati ya watu, akakaa mkekani na akina mama, akaweka mikono kichwani, akalia. Alilia vile wanavyolia Yanonge, kwa maneno marefu na majina ya mababu, hata waliokuwa wamepoa wakaanza upya. Hakuna aliyemtambua. Nani angemtambua, na tangu aje hakuvuka lango langu, kisha nikalitia kufuli? Mimi nilimwona kutoka kitini, kichwa changu kikiwa bado mikononi mwa kwaya.

Alipomaliza duru ya kwanza akapenga pua, akamwinamia mama wa makemba aliyekaa kando yake.

"Ni nani alikufa?"

"Mama ya Papa Chef. Ule wa Yanonge."

Mama aliitazama miguu yake. "Ule mwenye miguu ya kuvimba?"

"Ule ule. Uso yake sikuionaka hata siku moja. Lakini kila asubuhi nikipita na beseni, alikuwa ananisalimia kwa tundu ya mulango ya lopango. Ananiuliza batoto balilala namna gani. Nani tena ananiulizaka?" Akaanza kulia tena.

Mama akamwekea mkono begani. "Basi hapana lia sana, mama. Ni miye."

Yule mama aliruka. Sijawahi kuona mtu mnene kiasi kile akienda juu kiasi kile bila msaada. Alitua miguuni pa fundi, fundi akaangukia ufito, upande mmoja wa turubai ukashuka juu ya kwaya, na wimbo ukafa mstari kwa mstari, wa nyuma wakiendelea kumwomba Mungu ampokee wakati wa mbele wameshamwona amekaa. Kisha wote, kama waliokubaliana, wakageuka kunitazama mimi.

"Ni kwa ajili ya ndege," nilisema.

Nimeandika ripoti nyingi dhaifu maishani. Hakuna iliyopokelewa vibaya kama ile.

Fundi alikasirika zaidi kuliko wote, maana alikuwa amefunga karakana yake. Lakini mama yangu alikuwa amekwisha kuchukua kiti kizuri kuliko vyote, akakaa mbele ya watu kama bibi harusi. Akauliza nani amelia machozi ya kweli na nani amelia ya mdomo. Akawaita mmoja mmoja waje awaone uso. Kisha akainua macho juu ya turubai, ambalo jua lilikuwa likipenya kila mahali.

"Hii bâche yenu iko na matundu mingi. Siku yangu ya kweli mvua itanipiga. Funga ile matundu."

"Nitafunga, Mama," fundi alisema, na hapo akashindwa kujizuia akacheka, na wakacheka wote, wengine huku wanajifuta machozi yaleyale. Chakula cha kilio hakirudishwi nyumbani, kwa hiyo kikaliwa: sombe ya majani ya muhogo, wali, makemba, na kuku wa jirani ambaye sasa nilimsamehe. Katikati ya karamu mke wangu akarudi kutoka mafungoni, ameketi nyuma ya toleka. Aliona matawi langoni kwake, akashuka baiskeli ikiwa bado inakwenda, akaingia akipiga yowe, akamkuta mama mkwe wake anatafuna paja. Alimkumbatia akalia. Kisha akanitafuta mimi kwa macho. Yaliyosemwa na macho yale hayaandikiki.

Jioni, watu walipokwisha kuondoka, nilimsaidia mama kuinua miguu juu ya kigoda. Nikasubiri. Mbinzo zilikuwa zimekaribia.

"Ile boti ya Yanonge," alisema, "iende tu."

Nilimnyooshea kitenge juu ya magoti. Niliogopa kujibu vibaya.

"Kule, bale bangenililia balishakufa bote," akaendelea. "Hapa batu hawajui hata sura yangu, na balilia. Ule mama ya makemba alilia ya kweli, niliona makamasi." Akalitazama lango. "Kufuli ile, utupe."

Niliitupa. Mama wa makemba akahamisha meza yake kutoka kona akaiweka mbele ya lango letu, mama akawa anakaa naye kutwa. Watoto wakaingia kufuata mpira na wali ukamwagika. Redio ikarudi, kwa sauti ya juu. Na katikati ya vurugu hilo, nikiwa nimekwisha kuacha kutazama juu, wafumaji wakaja. Walianza kuyachana matawi yale langoni nyuzi kwa nyuzi mpaka ikabaki mifupa, wakahamia kwenye migomba ya jirani, wakasuka juu ya msafu wangu kijiji kizima. Waliamka kabla yangu. Walinyea shati langu jeupe kila nilipokwenda ofisini, na niliingia kwenye mikutano na alama ya kundi zima begani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Hawakusema apone kutokana na nini.

Tangu hapo matawi yakikauka niliyabadilisha, na sikufagia tena. Mtaa ukazoea. Wageni walioshtuka waliambiwa barabarani, "Hapana, ni ndeke ya Papa Chef."

Mwaka jana, mbinzo zilipoanza, mama alikula sahani nzima, akalalamika kwamba pilipili ni ndogo, akalala. Asubuhi hakuamka. Nilimwona mimi peke yangu, kwa sababu mke wangu alikuwa Opala kwa binti yetu aliyejifungua. Nilikaa kando yake kidogo. Kisha nikafanya linalotakiwa: nikachukua matawi mabichi niliyoletewa jana kwa ajili ya ndege, nikayasimika langoni, kulia na kushoto.

Watu wakapita.

"Papa Chef! Ndeke iko namna gani?" mmoja aliita kutoka juu ya pikipiki. Mwingine akainua kidole gumba. Mwalimu jirani akasema safari hii matawi ni mazuri, watashona vizuri. Nilifungua mdomo kuwajibu na hakikutoka kitu. Kupiga yowe sikujifunza kamwe. Nilikuwa na sauti ya ofisini tu, na hata hiyo ilikuwa imekwenda. Wakapita, wanacheka, na mimi nimesimama mbele ya tangazo langu ambalo nimeliharibu mwenyewe. Nikasikia maneno yake kama anasema nyuma yangu: mi nikikufa, nani atajua?

Sikumbuki nilivyoufikia ufagio. Ulikuwa bado nyuma ya mlango, umefunga utando wa buibui. Nilianza kufagia. Niliinama, mkono mmoja mgongoni, nikirudi kinyumenyume kati ya nyasi, nikiacha mistari pale ulipobaki udongo.

Mama wa makemba akafika na beseni lake kupanga meza. Akasimama langoni.

"Papa Chef," alisema polepole. "Unafagia?"

Nikaendelea.

"Papa. Mama iko wapi?"

Nilitikisa kichwa. Alitua beseni chini, akaja, akaninyang'anya ufagio taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Wacha," alisema. "Siku ya kilio hapana kufagia."

Kisha akatoka katikati ya barabara, akaweka mikono kichwani, akapiga kilio kilichofika sokoni. Pikipiki zikasimama. Yule mwalimu akarudi akikimbia. Viti vikaja, sufuria zikaja, kwaya ikaja, na wafumaji hawakunyamaza hata kidogo. Ililazimu akina mama waimbe kwa sauti ya juu zaidi yao.

Fundi wa baiskeli akaja na turubai lake begani. Alilifunga kwenye msafu, tukamtoa mama tukamlaza chini yake. Haikupita muda mvua ikanyesha, mvua yetu ile isiyobisha hodi. Niliinua macho. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa kiraka cheusi cha mpira wa baiskeli, kimekatwa duara na kugandishwa sawasawa kama anavyoziba tairi, na si viraka vya jana, maana vingine vilikuwa vimeshapauka kwa jua. Mvua ilipiga mpaka saa sita, na hakuna tone lililomfikia.